Oili Chafu Ni ya Nani?



Ukurasa huu huanza kwa andiko. Mwezi huu utaanza chini ya gari, nasi tunaomba mtuvumilie mpaka tufike kwenye andiko, maana hiyo ndiyo njia ambayo sisi wenyewe tuliipitia.

Wengi mnalijua gari dogo la kanisa, ile Toyota ya zamani yenye mlango mmoja usiofunguka kwa ndani. Limewapeleka akina mama wenye uchungu kituo cha afya usiku wa manane. Limewapeleka wagonjwa Mbarara, na mara nyingine limerudi na msiba. Kwa miaka yote hiyo, oili ya injini ilipofikia wakati wake, tulilipeleka kwa kijana fundi karibu na soko. Tulimlipa, tukaketi kwenye benchi na chai, na baada ya muda akatuita kwamba kazi imekwisha. Oili ya zamani ilikwenda wapi? Hatukuuliza hata siku moja. Tulilipa ili kazi ifanyike, na bila kujua tulilipa pia ili tusione.

Septemba iliyopita mfuko wa gari ulikuwa mwembamba. Sababu mnaijua. Tangu mwaka 2020 mgao wa chakula na fedha umepunguzwa mara kwa mara, wengine wameondolewa kabisa katika orodha, na sadaka haiwezi kuongezeka mahali ambapo sufuria imepungua. Tulikuwa na fedha ya galoni moja ya oili na filta. Ya kumlipa fundi haikuwako. Tukamwendea kijana, tukamwambia ukweli, tukamwomba atufundishe. Tulimwahidi kwamba kazi ya breki itabaki yake, maana hatukutaka kumnyang'anya mkate kwa sababu ya umaskini wetu. Alicheka akasema, "Pasita, leo mimi ndiye mwalimu." Jioni akaja na spana zake.

Kwa faida ya vijana wanaopenda kujifunza, tunaeleza kwa ufupi alivyotufundisha. Kwanza tuliiwasha injini kama dakika tano, kwa sababu oili yenye joto kidogo hutoka vizuri na kubeba uchafu, kisha tukaizima. Gari la namna ile liko chini, mtu haingii. Tulipandisha magurudumu ya mbele juu ya vipandio viwili vya mbao nene, tukavuta breki ya mkono, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Tulitaka kutumia jeki peke yake, akatukataza kwa ukali. Alisema jeki huinua gari, lakini haiaminiki kulishika, na kwamba watu wamekufa chini ya magari kwa kosa hilo moja.

Chini ya injini kuna bolti ya kutolea oili. Yetu hufunguliwa kwa spana namba 14. Tuliweka beseni, tukalegeza bolti, na ilipofika mwisho oili ikaruka kwa nguvu, ikatuchoma vidole, nayo bolti ikaanguka ndani ya beseni. Kijana alicheka tena. Baada ya oili kwisha kutoka, tuliifungua filta ya zamani kwa mkono. Hapo alituonyesha jambo ambalo wengi hulisahau: kuangalia kama ule mpira wa filta ya zamani umetoka pamoja nayo. Ukibaki umenata kwenye injini, na ukafunga filta mpya juu yake, oili itavuja. Mpira wa filta mpya tuliupaka oili safi kidogo, tukaikaza kwa mkono tu. Bolti tuliirudisha na washa yake, tukaikaza kiasi, maana ukikaza kwa hasira unaharibu nyuzi zake, na hapo ndipo gharama kubwa inapoanza.

Kisha tukamimina oili mpya. Galoni ilikuwa ya lita 4, nayo injini ile ikanywa kama lita tatu na nusu. Hatukumimina yote mara moja; tulipima kwa kijiti, tukaongeza, tukapima tena. Tukawasha injini, ile taa nyekundu ya oili ikazimika baada ya muda mfupi, tukachungulia chini kama kuna mahali panapovuja, tukazima, tukangoja kidogo, tukapima mara ya mwisho. Oili ilisimama kati ya alama mbili. Ndugu zetu, katika miaka arobaini na kitu ya maisha yetu, na mingine ya chuo cha Biblia, tulikuwa hatujawahi kushika kazi ya namna ile. Tulifurahi kama mtoto aliyesoma jina lake kwa mara ya kwanza.

Ndipo tukaliangalia beseni.

Oili iliyoingia miezi ile iliyopita ikiwa na rangi ya asali ilikuwa nyeusi kama lami. Kijana alitueleza kwamba weusi ule si ubaya wa oili. Oili huzunguka ndani ya injini, hulainisha vyuma visisagane, na huchukua masizi ya moto na chembe ndogo za chuma ili visiharibu injini. Ikiwa imekuwa nyeusi, maana yake imefanya kazi yake. Basi weusi ule ulitoka wapi? Ulitoka katika safari zetu: ile ya mama aliyejifungua njiani, ile ya mtoto wa malaria, ile ya mkutano wa wachungaji. Zote zilikuwa safari njema. Lakini kila safari njema iliacha masizi yake ndani ya injini, na sasa masizi yote yalikuwa mbele yetu, katika beseni la jikoni, na jua lilikuwa limezama.

Tunawaambia ukweli kama ulivyo. Tulikuwa tumechoka. Watoto walikuwa wakizunguka beseni. Mwenye beseni alilitaka. Kijana alisema mafundi wengi humwaga chini tu, na wengine hupaka nguzo za nyumba ili mchwa wasile. Hakutulazimisha. Sisi kwa mikono yetu wenyewe tulilibeba beseni mpaka nyuma ya ua wa kanisa, tukamwaga ndani ya mtaro, tukatia udongo kidogo kwa mguu, tukaenda kulala.

Mvua za mwezi wa Oktoba zikaja. Mtaro ule hushuka mpaka bondeni, mahali ambapo mama mmoja jirani, mwenyeji Munyankole, amechimba shimo la kunyweshea ndama wake. Jumapili, baada ya ibada, mama huyo alisimama mlangoni akiwa na chupa ya plastiki iliyokatwa nusu. Ndani yake mlikuwa na maji, na juu ya maji rangi za upinde wa mvua. Kwa Kiswahili cha sokoni alituuliza, "Pasita, haya ni ya kwenu? Ndama wanakataa kunywa."

Tulijua. Tulijua kabla hajamaliza kusema. Lakini watu walikuwa wengi, na sisi tulikuwa tumevaa koti la mahubiri. Tukamjibu, "Mama, tutachunguza."

Jioni ile tuliwaambia wazee wa kanisa ukweli, na mashauriano yakawa marefu. Tunayaandika hapa kwa sababu tunaamini kila nyumba katika makazi haya imekwisha kusema mojawapo ya maneno yale.

Mzee wa kwanza alisema, "Ni lita tatu tu. Steji ya pikipiki iko juu yetu, na wale humwaga kila siku. Nani anaweza kujua ni oili ya nani?" Hesabu yake ilikuwa ya kweli, tena ni nzito kuliko alivyodhani. Pikipiki moja huchukua karibu lita moja. Chukua steji yenye pikipiki 20, kila moja ikibadilisha oili mara moja tu kwa mwezi: ni lita 20 kwa mwezi, lita 240 kwa mwaka, zaidi ya pipa zima. Lakini tazameni, kila mwenye pikipiki anaweza kusema neno lile lile, kwamba yake ni lita moja tu. Wote watakuwa wamesema kweli, na pipa litakuwa limemwagika. Udogo wa sehemu yetu unatuonyesha tu kwamba hatuko peke yetu katika kosa. Hautuonyeshi kwamba hakuna kosa.

Mzee wa pili alisema, "Ardhi hii si yetu. Tumepewa kuitumia, hatukupewa kuimiliki. Kesho mtu anaitwa kwenye ndege kwenda ng'ambo, au amani inarudi kwetu. Kwa nini tuihangaikie kuliko wenyewe?" Neno hili lilitugusa, kwa kuwa ni kweli kwamba ploti zetu si mali yetu. Lakini fikirini: makazi haya yamepokea wakimbizi tangu karibu mwaka 1960. Wa kwanza walikuwa Wanyarwanda, na wengi wao walirudi kwao baada ya mwaka 1994. Walikaa hapa zaidi ya miaka thelathini kwenye ardhi isiyokuwa yao, kisha wakaondoka. Kama wangesema kwamba mpita njia hana deni kwa njia, sisi tungekuta nini? Maji ya mabomba yetu hutoka katika ziwa hili hili la Nakivale, yakasafishwa ndipo yakatufikia. Mwaka 2006 ardhi oevu ya Mburo na Nakivale iliandikwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo ya namna hiyo ulimwenguni. Mtaro wa nyuma ya kanisa unashuka kuelekea bonde hilo. Mwenye ardhi ni mmoja, lakini wanywaji ni wengi, na sisi tumo ndani yao.

Tena sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili. Tumeona mito ya upande wa Kamituga ikigeuka rangi ya tope kwa sababu ya dhahabu. Wenye kufaidi dhahabu hawakuwa wenye kunywa mto. Walichukua walichochukua, wakaenda, na mama zetu wakabaki na maji. Tulikuwa tukiwalaani watu wale. Sasa, kwa lita tatu na nusu, tulikuwa tumefanya kwa kipimo kidogo jambo lile lile: safari zilikuwa zetu, na masizi tulimpa mwingine.

Wa tatu kusema alikuwa mama mmoja wa umoja wa akina mama. Huyu hatukuweza kumjibu upesi. Alisema, "Kwetu walimwaga damu ya watoto wetu, hakuna aliyekuja mlangoni na chupa kutuuliza. Na sisi leo tunakosa usingizi kwa ajili ya oili?" Kukawa kimya. Ndugu, neno la namna hiyo halijibiwi kwa mahubiri. Maumivu yake ni ya kweli, na wengi wetu tunayabeba. Tunachoweza kusema ni hiki tu: deni lile ni kubwa, lakini mama wa bondeni si yeye aliyelikopa. Hatuwezi kulidai kwa ndama wake. Mtu aliyedhulumiwa ana haki nyingi, ila haki ya kumdhulumu jirani asiyehusika haimo. Na tukianza kuhesabu kwamba kwa sababu tuliteswa sana, makosa yetu madogo yamekwisha kulipiwa, hatutajua mahali pa kusimama. Waliotufukuza nao wana hadithi ya kuteswa kwao.

Wa nne alisema neno la hekima, nalo ndilo lililotutia hofu. "Mkikiri, mtawapa wenyeji fimbo ya kutupigia sisi sote. Watasema wakimbizi wanaharibu maji." Jambo hili si mchezo. Sisi huishi hapa kwa wema wa watu, na kosa la mmoja huhesabiwa kwa wote. Tulikubaliana tungoje. Ndiyo, tulikubaliana hivyo, na mchungaji wenu alikubali pamoja na wengine.

Tulingoja siku mbili. Jumanne tukasikia kwamba mwenyekiti wa kijiji amemwita baba mmoja Mrundi anayekaa karibu na mtaro. Ni fundi wa baiskeli, mikono yake ina grisi siku zote, basi watu walimwona yeye. Hapo tukafahamu kile ambacho kunyamaza kwetu kulikuwa kunafanya. Tulidhani kwamba uchafu usipokuwa na mwenyewe, unabaki hewani. Haubaki. Unatafuta mtu wa kumkalia, na mara nyingi humkalia mnyonge aliye karibu.

Usiku ule ndipo tulipofika kwenye andiko. Nabii Ezekieli alikuwa mtu kama sisi. Alihamishwa kutoka nchi yake, akakaa Babeli kando ya mto Kebari kati ya watu wa uhamisho. Katika sura ya 34, mstari wa 18 na wa 19, anawasemesha kondoo wenyewe, maana wachungaji amekwisha kuwakemea mwanzoni mwa sura. Anawauliza kama haiwatoshi kunywa maji safi, hata wanayachafua yaliyobaki kwa miguu yao, na wenzao wanapaswa kunywa yaliyochafuliwa. Tulilisoma andiko hili chuoni, tukaandika mtihani juu yake, tukasema linahusu wakubwa waonevu. Hatukuwahi kufikiri kwamba miguu ile ingeweza kuwa yetu, tukitia udongo juu ya oili gizani.

Tena Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, kuanzia mstari wa 12, linatoa amri kwa watu waliokaa katika kambi. Kila mtu awe na kitu cha kuchimbia, atoke nje ya kambi, achimbe, kisha afunike uchafu wake. Vijana hucheka tukisoma mistari ile. Lakini angalieni sababu inayotolewa: Mungu mwenyewe hutembea katikati ya kambi. Kambi ile haikuwa makao yao ya kudumu. Walikuwa wakipiga hema na kung'oa hema. Hata hivyo hawakuambiwa kwamba kwa kuwa watahama kesho, haidhuru. Na kila mtu alipewa kazi hiyo kwa uchafu wake mwenyewe. Hakuna aliyeagizwa kuupeleka kwa jirani wa bondeni.

Jumatano asubuhi tulikwenda kwanza kwa baba Mrundi tukamwomba msamaha, kisha kwa mwenyekiti, kisha kwa mama. Tulimwambia, "Mama, oili ile ilikuwa ya gari la kanisa. Sisi ndio tulioimwaga." Alitutazama sana. Akauliza, "Mbona Jumapili hamkusema?" Tukamjibu kwamba tuliogopa. Hatukuwa na jibu lingine. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi, njooni na majembe."

Tulikwenda na majembe, sisi na vijana wanne wa kwaya na kijana fundi, ambaye hatukumwita, alikuja mwenyewe. Udongo wa mtaro ulikuwa umelowa oili kwa kina cha mkono. Tulijaza magunia manne. Hapo tukajifunza jambo ambalo tungependa kila msomaji alishike: uchafu wa namna hii hauna mahali panapoitwa "kule". Magunia yale tungeyapeleka wapi? Tukiyamwaga barabarani, mvua itayarudisha. Tukiyachoma, moshi wake ni sumu. Mwishoni tuliyaweka mahali pakavu palipoinuka, mbali na mtaro, juu ya turubai na chini ya turubai, nayo yapo mpaka leo. Kuimwaga kulituchukua chini ya dakika moja. Kuichimbua kulichukua siku nzima, na bado hatukuitoa yote. Kisha tulimchimbia mama shimo jipya upande wa juu, mahali ambapo maji ya mtaro hayafiki.

Je, wenyeji waliipata ile fimbo? Wako waliosema maneno sokoni, hatutaficha. Wako pia waliosema kwamba hawajapata kuona mtu akija kujitaja. Hatuandiki haya ili mjue kwamba kukiri kuna faida. Kama wote wangetutukana, baba Mrundi angekuwa bado hana hatia, na oili ingekuwa bado yetu.

Tunataka kuwa waangalifu, mtu asije akalichukua neno hili kumpigia maskini. Mama anayekata tawi ili watoto wapate uji hafanani na sisi tulio­kuwa tunataka kulala mapema. Yeye ana shida na hana njia nyingine. Sisi tulikuwa na njia, ilikuwa ndefu tu. Kila mtu ajiulize mwenyewe, bila kumuuliza jirani: je, nimekosa njia, au nimechoka kuifuata? Swali hili linafaa kwa oili, na linafaa kwa taka za sokoni, kwa betri za redio na tochi, kwa maji ya kufulia tunayoyaelekeza uani kwa mwenzetu. Linafaa hata kwa maneno tunayoyasema tukiwa na hasira, kisha tunaondoka na wengine wanabaki nayo nyumbani.

Na wale tunaolipa wengine watufanyie kazi, sisi tuna swali letu la pekee. Fedha hununua kazi ya mtu, lakini hainunui kutokuwa na hatia. Ilikuwa imetupasa kumwuliza kijana tangu mwaka wa kwanza, tena kwa upole, kwa kuwa yeye hana pipa wala mahali pa kuweka, na malipo tuliyompa hayakuwahi kuhesabu kazi hiyo. Tulimwachia dhambi yetu pamoja na oili yetu, kisha tukajiona wateja wema.

Sasa tunafanya hivi. Tumetoa jerikani moja ya lita 20, ambayo sisi wa Kongo tunaiita bidoni. Mnajua thamani ya bidoni hapa, na bidoni iliyobeba oili chafu haiwezi kurudi kubeba maji wala mafuta ya kupikia, hata ukiiosha mara saba. Tumeiandika kwa rangi nyekundu na kuifungia katika ghala, watoto wasiifikie. Ikijaa, huenda Mbarara pamoja na gari linapokuwa na safari nyingine, kwenye garaji inayokusanya oili chafu katika mapipa. Vijana wa steji wamekwisha kuleta za kwao mara mbili. Si wote. Yeyote anaweza kuleta, awe mshirika wetu au asiwe, Mkristo au Mwislamu. Filta ya zamani iachwe kwanza ichuruzike ndani ya jerikani. Mikono ioshwe kwa sabuni, na oili chafu isipakwe kwenye kidonda cha mtu wala cha mnyama, kama wengine wanavyofanya. Kuigusa mara kwa mara kwa muda mrefu kunadhuru ngozi.

Gari linakaribia kilomita 5,000 tangu siku ile, na mwezi ujao tutaingia chini tena. Kijana fundi amesema safari hii hatasimama karibu, atakaa kwenye benchi, nasi tumemwahidi chai. Beseni tumenunua letu. Mama wa bondeni alituuliza juzi, akipita na ndama zake, ni siku gani tutafanya kazi ile. Tulimtajia siku. Akasema atapita kuangalia, nasi tukamwambia, karibu mama.

Mungu awabariki katika nyumba zenu.